Ahadi za Madalali wa Hofu

Majira ya baridi ya kuingia mwaka 2010, bustani ya michezo ya Alton Towers, iliyoko Staffordshire nchini Uingereza, ilianza kuutangazia umma rolakosta mpya, yaani gari la reli lipandalo na kuteremka kwa kasi ili kumshtua abiria wake, kwa maneno ya kuogofya kiasi cha kwamba magazeti yakaandika kuwa walio chini ya miaka 16 na waliopita miaka 55 hawataruhusiwa kupanda, na kwamba atakayethubutu atatakiwa kwanza kutia sahihi hati ya kukubali kuwa lolote litakalompata ni juu yake. Mchezo wenyewe uliitwa Thirteen, kumi na tatu, hesabu ambayo Wazungu huiona kuwa ya nuksi. Ulipofunguliwa mwezi Machi, hofu yote ile ikayeyuka langoni: mtoto yeyote aliyetimiza urefu wa mita 1.2 aliweza kupanda na kuketi ubavuni mwa mama yake.

Siri iliyokuwa imefichwa ni hii: gari likiisha kuzunguka msituni huingia katika jengo lenye giza, likasimama, kisha kipande kizima cha reli, pamoja na gari lililo juu yake na watu waliomo, hudondoka kadiri ya mita 5, halafu abiria wakatolewa nje kinyumenyume. Jambo hilo lilikuwa halijapata kufanywa na rolakosta yoyote duniani, na waliolibuni walistahili pongezi. Walakini kijana aliyeahidiwa mauti, kisha akapewa mshtuko wa kufumba na kufumbua, hakuwa na moyo wa kumpongeza mtu. Naona mchezo ule ulidhulumiwa na tangazo lake. Laiti ungenadiwa kwa sifa zake wenyewe, kuwa ni mchezo wa jamaa nzima wenye hila moja nzuri mwishoni, ungepokewa kwa furaha. Ukanadiwa kwa sifa za mchezo mwingine usiokuwako, na kwa sifa hizo ukahukumiwa.

Wauzaji wa michezo hii aghalabu hawasemi uongo wa waziwazi, na hapo ndipo ulipo ustadi wao. Alton Towers hiyohiyo, mwaka 1998, iliifungua Oblivion na kuitangaza kuwa rolakosta ya kwanza duniani kudondoka wima, ilhali mteremko wake una nyuzi 87.5 na wima ni nyuzi 90, tofauti ambayo aning'iniaye juu ya shimo hana wasaa wa kuipima. Nayo Cedar Point, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ilipoitoa Valravn mwaka 2016, ilijigamba kwa rekodi 10 za dunia kwa mpigo mmoja. Msomaji mwenye subira akiipitia orodha ile atakuta kwamba sita zilikuwa za Valravn kweli wakati ule, ingawa zote zilifungwa ndani ya jinsi moja tu ya rolakosta, ile isimamayo kidogo ukingoni kabla ya kuporomoka. Nne zilizosalia si zake kabisa, bali ni za bustani nzima, kama vile idadi ya michezo yote iliyomo na jumla ya reli zote zilizotandikwa. Ni mithili ya bwana harusi ahesabuye mali za ukoo mzima katika barua ya posa.

Tarakimu, hata hivyo, zina heshima moja: hupimika. Formula Rossa, iliyofunguliwa Abu Dhabi mwezi Novemba 2010 katika Ferrari World, iliahidi mwendo wa kilomita 240 kwa saa, na mwendo huo abiria huupata, hata wakapewa miwani ya kukinga macho. Taabu huzidi pale kinachouzwa kinapokuwa si mwendo wala kimo, bali ni kiumbe.

Tarehe 7 Aprili 2006, katika Disney's Animal Kingdom huko Florida, ilizinduliwa Expedition Everest, mlima wa kutengeneza wa karibu mita 61 ambao ndani yake reli hupita, na katika matangazo yake yote aliyetangulizwa mbele alikuwa Yeti, jitu la manyoya la hikaya za Himalaya. Jitu lile lilikuwa na kimo cha zaidi ya mita 7, likaendeshwa kwa mitambo ya nguvu za ajabu, likajitupa mbele na kunyoosha mkono kana kwamba litawanyakua abiria wapitao chini yake. Haikupita miezi mingi, likaganda. Tangu hapo likawa linamulikwa kwa taa za kumetameta ili jicho lidanganyike kuwa linajongea, na wapenzi wa bustani, kwa dhihaka, wakalibandika jina la Disco Yeti. Joe Rohde, msanifu mkuu wa mlima ule, alitamka mbele ya mashabiki mwaka 2013 kwamba atalitengeneza. Akastaafu mwanzoni mwa 2021, na jitu halijainua mkono. La kustaajabisha ni kwamba wateja hawakuususia mlima, kwa kuwa mgeni aliyefika mara ya kwanza hajui alichonyimwa.

Sababu ya mambo haya, kwa rai yangu, haimo katika ulaghai wa mtu mmoja bali imo katika kalenda. Bustani nyingi za nchi za baridi hufungua milango miezi ya joto tu, na tiketi za msimu huuzwa mapema. Kwa hiyo mchezo wa mwakani sharti utangazwe mwaka huu, wakati chuma bado kiko kiwandani na mhandisi hajui kitatii au kitakaidi. Cedar Point iliufungulia umma mchezo wake wa Top Thrill 2 tarehe 4 Mei 2024, baada ya miezi mingi ya vishindo vya matangazo. Kwa kiasi cha wiki moja ukaendeshwa, kisha ukafungwa msimu wote uliobaki.

Kingda Ka nayo, ya Six Flags Great Adventure katika jimbo la New Jersey, ilitimiza kila tarakimu iliyoahidiwa ilipofunguliwa Mei 2005: kimo cha mita 139 na mwendo wa kilomita 206 kwa saa, katika safari isiyotimia nusu dakika. Lisilotajwa katika tangazo ni kwamba Juni ya mwaka huohuo mtambo wake wa kurushia gari ungeharibika na kuufunga mchezo hadi Agosti, wala kwamba upepo na mvua vingeusimamisha mara kwa mara, wala kwamba gari pengine lingeshindwa kuvuka kilele na kurudi nyuma lilikotoka, tukio ambalo mashabiki waliliona kuwa bahati kubwa kuliko safari kamili. Mnara ule uliangushwa kwa baruti tarehe 28 Februari 2025. Katika tangazo lilelile la Novemba 2024 lililowajulisha watu kuwa Kingda Ka imefungwa, bustani ilikwisha kuahidi kwamba mwaka 2026 italeta rolakosta mpya kabisa, ya kuvunja rekodi nyingi za dunia.