Ngazi Hutii Mlango, Haitii Mguu

Dereva aliyetoka Mombasa au Nakuru akaja kuendesha gari la familia Doha huenda siku ya kwanza akakabidhiwa pikapu ndefu, Ford F-150 kwa mfano, ambayo ukifungua mlango ngazi ya pembeni inajitokeza yenyewe, na ukiufunga inajikunja chini ya gari. Kitabu cha gari hakisomi mtu. Tunafundishana wenyewe kwa wenyewe, na makosa yanarithiwa pamoja na ufunguo. Haya hapa ni baadhi yake.

"Ngazi inamhisi mtu." Si kweli, na hii ndiyo imani ninayoiogopa kuliko zote. Ngazi haina macho. Inachopokea ni taarifa ya mlango tu: ukifunguka, mota inaisukuma nje; ukifungwa, inangoja kama sekunde mbili, kisha inarudi. Haijui aliyesimama pale ni nani. Bibi aliyesogea karibu na gari, akingoja kufunguliwa, inaweza kumgonga kwenye muundi inapotoka. Akishuka sokoni Souq Waqif, kabla hajapiga hatua ya pili, mjukuu aliyebaki ndani akavuta mlango, ngazi inarudi ilhali pindo la abaya bado limelala juu yake. Kwa hiyo dereva ndiye jicho la ngazi. Mwambie, "Mama, rudi nyuma kidogo," ndipo ufungue. Akishuka, mlango ushike wewe mpaka awe mbali na gari.

"Ikigusa kitu inarudi, basi haina hatari." Nusu kweli. Ngazi nyingi za kisasa zikikuta kizuizi, kama ukingo mrefu wa barabara, hugeuza mwendo. Lakini ili mota itambue kizuizi, ni lazima kwanza ikisukume. Kidole cha mtoto hakistahili kuwa kipimo. Ford wenyewe wanaonya kwamba mkono usipite kamwe kati ya ngazi iliyotoka na gari.

"Kuituliza, chomoa betri." Si kweli. Kwenye F-150 ingia katika mipangilio ya gari kwenye skrini. Utakuta namna tatu: ijiendeshe, ibaki nje, au izimwe. Ya kubaki nje inakufaa ukifunga mizigo juu ya paa, na gari likianza kutembea ngazi inarudi yenyewe. Ya kuzima ndiyo wengi wanayoisahau. Tairi likipasuka barabara ya Salwa, zima ngazi kabla hujashika jeki, maana mwenzako akifungua mlango kutafuta spana, ngazi itakukuta umeinama hapo hapo. Na jeki isiegemee ngazi wala mikono yake.

"Ikilia, ipake grisi." Si kweli kabisa! Mchanga wa ufukwe wa Sealine ni mwepesi, na ukivuka sabkha, yaani uwanda wa chumvi, kuelekea Khor Al Adaid unabeba na chumvi. Grisi hunasa vyote viwili, ikawa msasa unaosaga bawaba kila mlango unapofunguliwa. Kelele ile mara nyingi ni uchafu tu. Iache ngazi nje, osha bawaba za mbele na za nyuma kwa maji ya kasi, ukiepuka kuilenga mota. Kwa ngazi za kufungiwa baadaye, kama za AMP Research, watengenezaji husema umalizie kwa silikoni ya kupuliza kwenye pini za bawaba, na isiguse sehemu ya kukanyagia, kwa sababu inateleza. Ukirudi jangwani usiku, osha kesho yake asubuhi.

"Inamaliza betri." Kwa kawaida, hapana, mota hufanya kazi sekunde chache tu. Kinachoua betri hapa ni joto: Julai 2010 Doha ilifika nyuzi 50.4. Ila ngazi iliyofungwa na fundi wa haraka, waya zikaungwa ovyo, hiyo ninaitilia shaka.

"Ikikataa kurudi, mota imekufa." Usinunue kwanza. Funga milango yote ya upande ule, kisha tazama taa ya ndani na alama ya mlango kwenye dashibodi. Ikiwa bado zinawaka, gari linaamini mlango uko wazi, na ngazi inatii. Hapo kinachotafutwa ni swichi ya kitasa cha mlango. Fundi wa Sanaiya, eneo la viwanda, akishafungua mota, mwonyeshe ile taa kabla hajakutajia bei.