Mirija miwili nyuma ya vipimo vya ndege: uzembe mdogo unaoweza kuua

Kwa wakaaji wengi wa mashariki mwa Congo, ndege ndogo si anasa. Pale ambapo barabara imekatika, ndiyo inayopeleka dawa, wagonjwa na wafanyabiashara. Lakini abiria wachache wanajua kwamba rubani husoma mwendo na urefu wa ndege hiyo kwa msaada wa hewa inayopita ndani ya mirija miembamba.

Mrija wa kwanza unatoka kwenye bomba la Pitot, lenye jina la mhandisi Mfaransa Henri Pitot, ambaye mwaka 1732 alipima mwendo wa maji ya mto Seine. Bomba hilo linaelekea mbele, na hewa huingia kwa nguvu ndege inapokimbia. Mrija wa pili unatoka kwenye matundu ya statiki, ambayo mara nyingi yako ubavuni. Hayo hupokea mgandamizo wa kawaida wa hewa ya nje.

Kipimo cha mwendo huunganishwa na mirija yote miwili. Kipimo cha urefu na kile cha kupanda na kushuka hupokea hewa ya statiki peke yake. Fundi akibadilisha nafasi za mirija kwenye kipimo cha mwendo, mshale hautapanda hata ndege ikikimbia.

Ndiyo maana fundi makini huweka alama kwenye kila mrija kabla ya kuufungua, na akimaliza kuunganisha hupima kama hewa inavuja. Nchini Marekani, ndege inayoruka kwa kutegemea vipimo, kama ndani ya mawingu, lazima mfumo wake wa statiki upimwe kila baada ya miezi 24. Kupuliza mrija kwa kompresa huku ukiwa bado umeungwa kwenye vipimo ni marufuku, kwa kuwa vinaharibika upesi.

Mwaka 1996 ulitoa funzo chungu mara mbili. Tarehe 6 Februari, Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu 189 wakafa. Wachunguzi waliona kwamba bomba moja la Pitot lilikuwa limeziba, na walishuku wadudu, kwani ndege ilikuwa imekaa chini siku nyingi. Kadiri ilivyopanda, kipimo cha kapteni kilionyesha mwendo mkubwa kuliko ule wa kweli.

Tarehe 2 Oktoba, Boeing 757 ya Aeroperú iliyotoka Lima ilianguka usiku katika bahari ya Pasifiki. Watu wote 70 walikufa. Matundu ya statiki yalikuwa yamefunikwa kwa utepe wa gundi wakati wa kuosha ndege, na hakuna aliyeukumbuka kuutoa.

Huku kwetu, nyigu wanaojenga kwa udongo ni wengi, na tundu dogo kwao ni nyumba. Ndege ikilala, bomba livalishwe kifuniko chenye utepe mwekundu, na kitolewe kabla ya safari. Na rubani akiona mshale wa mwendo hausogei ndege ikianza kukimbia, asimame hapo hapo. Abiria watakasirika kwa kuchelewa, lakini watafika.