Kiharusi hakianzi siku ya kuanguka

Nimekaa misiba mingi ya Tarime na Serengeti, na mazungumzo ya chini ya turubai nayajua. Marehemu alianguka shambani, mdomo ukaenda upande, mkono mmoja ukalegea, siku ya tatu akafariki. Swali la kwanza: alikosana na nani? Baadaye, chai ikishapita, shemeji mmoja anakumbuka kwamba mzee alilalamikia kichwa tangu mwaka juzi. Aliwahi kuambiwa ana presha, akanywa vidonge mwezi mmoja, akajisikia mzima, akaacha.

Kuna madaktari waliochukua maneno ya shemeji kama huyo wakayafanya takwimu. Kinara wao alikuwa Profesa Donald McLarty, Mskoti aliyefundisha Muhimbili, akiwa na wenzake akina Andrew Swai na Henry Kitange. Miaka ya 1980 walitoka wodini wakaenda vijijini, katika mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara yetu. Mwanakijiji alifika asubuhi hajala kitu, akatolewa damu, akanywa maji yenye sukari gramu 75, akasubiri kwa muda wa saa mbili, kisha akatobolewa tena. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989 kwenye jarida la Lancet: mwenye kisukari alikuwa takriban mmoja kwa kila watu 100.

Namba hiyo ilitufariji kupita kiasi. Tulibaki kusema presha na sukari ni magonjwa ya wakubwa wa mjini wenye vitambi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta wenye kisukari 9 kwa kila 100 na wenye presha 26. Umri na namna ya kupima havikuwa vilevile, kwa hiyo tusiziweke namba hizi kwenye mzani mmoja. Lakini hata ukizipunguza kwa wema, hazirudi kwenye ile moja.

Kazi iliyonigusa zaidi ni ya baadaye. Kuanzia mwaka 1992, kundi la McLarty lilianza kuhesabu vifo vya watu wazima Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Mara haikuwamo. Mdadisi alikwenda kwenye nyumba iliyofiwa, akakaa na ndugu, akauliza: aliumwa siku ngapi? Upande gani ulilegea? Aliweza kusema? Majibu yalipelekwa kwa madaktari waamue kilichoua. Mwaka 2000 ikajulikana kwamba kati ya watu wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua kwa mwaka wanaume 65 na wanawake 88 kwa kila 100,000 jijini Dar es Salaam. Morogoro Vijijini, eneo maskini kuliko yote matatu, walikuwa 35 na 27. England na Wales hawakufika 11. Huo ugonjwa wa matajiri uko wapi hapo?

Sababu kubwa ni presha isiyotibiwa. Msukumo wa damu ukikaa juu miaka na miaka, kuta za mishipa hukakamaa na kuchoka, na mwenyewe hasikii chochote. Wapimaji waliopita Ilala na kijiji cha Shari, Hai, walikuta wenye presha waliojijua hawafiki mmoja kati ya watano. Ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika mmoja kwa 100.

Na tusiwacheke wa vijijini kwa habari ya uchawi. Utafiti mwingine ulikuta ni watu wa Dar es Salaam waliokihusisha zaidi kiharusi na majini; wa Hai walitaja presha na mawazo.

Na chakula je? Jirani zetu Wamasai walipimwa na Mmarekani George Mann miaka ya 1960. Maziwa na nyama kwa wingi, lakini lehemu kwenye damu ilikuwa chini. Alipochunguza maiti 50, majibu yaliyotoka mwaka 1972, alikuta mishipa ya moyo ina mafuta yaliyoganda kama ya wazee wa Marekani, ila yenyewe ilikuwa mipana, damu ikapata njia. Yeye alihisi ni kwa ajili ya kutembea. Sisi leo kutoka nyumbani hadi sokoni ni bodaboda, na nyama choma inakuja na kilima cha chumvi pembeni ya ubao. Chumvi ya kutosha mtu mzima kwa siku nzima ni kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile ya kwenye mboga.

Basi siku ya mnada, anzia zahanati. Kojoa kwanza, usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla, kaa kimya dakika tano, miguu usiipishanishe, mkono uwe juu ya meza. Andika namba zako mbili. Ya juu ikifika 140, au ya chini 90, rudi siku nyingine upimwe tena, kabla hujaanza kumtafuta mchawi.