Chapati ya maji si lazima iogelee kwenye sukari!

Kwa wasioujua mji wetu, Iringa iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai baridi ya asubuhi haina simile. Hapo ndipo chapati ya maji inapopata heshima yake. Unga, yai, maziwa, chumvi kidogo, unamimina kwenye kikaango, unageuza, tayari. Wenzetu wanaziita pankeki. Na siku hizi vijana wenye vijisenti wana hata mashine za umeme za kuokea wafo, wale ndugu zake wenye vishimo kama sega la nyuki.

Mimi na chapati hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na kile kinachomwagwa juu yake. Hebu piga hesabu na mimi. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Unaweka viwili kwenye kikombe, hizo 8. Unapaka jamu vijiko vikubwa viwili, gramu nyingine kama 20. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwenye chakula chake cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima, ndiyo bora zaidi. Kwa hiyo saa mbili asubuhi umeshapita hizo 25, na soda ya mchana hujaigusa!

Nyumbani kwetu jambo hili si la kutafuta kiuno chembamba. Mama ana kisukari, na sahani ya mgonjwa haitaki hata kuiona. "Mnachokula nyie ndicho nitakachokula," alishasema, na Mama akisema amesema. Basi ikabidi meza nzima ibadilike.

Najua kuna mtu ameshanyoosha kidole: "Si upake asali?" Pole sana, mshikaji. Asali yetu ni tamu, ina harufu ya pori, na heshima yake naijua, lakini mbele ya kisukari ni sukari tu. Kijiko kikubwa kimoja kina gramu kama 17, na lile shirika limeiweka kundi moja na sukari ya dukani. Eti ya asili! Hata miwa ni ya asili. Ile sirapu ya Kanada nayo ni utomvu wa mti wa mepo, huchemshwa lita kama 40 mpaka ibaki lita moja, sukari yote ikiwa imejikusanya humo. Zile chupa za bei poa ndiyo usiseme, nyingi ni sukari iliyotiwa rangi na harufu.

Sasa twende sokoni. Mfalme wa meza yetu ni parachichi. Nyanda hizi, kuanzia Iringa na Njombe hadi Rungwe kule Mbeya, zinalima maparachichi mpaka yanapanda meli kwenda nje, halafu sisi tunakimbilia jamu ya kopo! Nusu ya tunda haifikishi hata gramu moja ya sukari. Chukua lile la Hass, ambalo ngozi inageuka nyeusi likiiva, liponde kwa uma, kamulia ndimu, tupia chumvi na pilipili manga. Paka chapati ikiwa bado ya moto. Ukitaka makubwa, weka yai la kukaanga juu yake. Ladha yake bomba, na tumbo linatulia mpaka mchana.

Wanaopenda kitu chenye uchachu, mtindi upo. Mji huu ndio nyumbani kwa maziwa ya Asas, na mitaani pia mgando haukosekani. Chagua mtindi mtupu, kwa sababu yogati za ladha ya stroberi au vanila kwa kawaida zimeshatiwa sukari, soma kibandiko. Mimina kwenye kitambaa safi, uning'inize mahali pa baridi usiku kucha, maji yachuruzike. Asubuhi una kitu kizito kama krimu. Kwangwulia pasheni moja juu, mbegu zake na yote.

Karanga nazo zikaange, zitwange mpaka zitoe mafuta, usiongeze kitu. Ila zilizosinyaa au zenye ukungu tupa, usizionee huruma: sumukuvu haitoki kwa kukaanga. Ndizi mbivu kutoka Tukuyu nayo ni tamu yenyewe. Ikate vipande, ipashe kwenye kikaango na mdalasini. Hapo lakini mwenye kisukari asijisahau, ndizi ina sukari yake. Mama anakula nusu.

Na nani alisema lazima iwe tamu? Waethiopia wana injera, Wahindi wana dosa, zote ni ndugu wa chapati ya maji, na huliwa na mchuzi. Kitunguu na hoho ndani ya unga, maharage mazito juu, kachumbari pembeni... jaribu uone kama utaikumbuka jamu.

Tatizo moja linabaki: unga wenyewe. Ngano nyeupe ikifika tumboni inageuka sukari upesi, hata ukipaka parachichi kilo nzima. Sisi tunachanganya nusu ngano, nusu ulezi. Rangi inakuwa ya udongo na chapati inakatika ukigeuza kwa pupa, kwa hiyo ongeza yai la pili na uzifanye ndogo. Mama zake ni mbili. Akiomba ya tatu tunamtazama, naye anatutazama, halafu anamalizia na chai ya tangawizi isiyo na sukari.

Parachichi ulilobakiza usilifunike wazi-wazi, litakuwa jeusi. Acha kokwa ndani, kamulia ndimu, ligandishie mfuko wa nailoni juu yake, na ulimalize kabla ya jioni.