Mhariri wa Habari za Mtandaoni na Wajibu Wake kwa Umma

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu na gati la Ukara, wilayani Ukerewe mkoani Mwanza. Taarifa za awali zilitaja makumi ya watu waliofariki dunia. Idadi hiyo ikaongezeka siku hadi siku na hatimaye kuzidi 200. Septemba 22, wakati wengi walikuwa wamekwisha kukata tamaa, waokoaji walimtoa fundi wa kivuko hicho akiwa hai.

Tukio hilo linabainisha uzito wa kazi ya mhariri wa habari za mtandaoni. Mhariri wa gazeti hufunga kurasa zake usiku, na taarifa mpya husubiri toleo linalofuata. Mhariri wa mtandaoni hana saa ya kufunga kurasa. Habari aliyoipitisha saa nne asubuhi huweza kuwa imepitwa na wakati saa sita mchana, ilhali bado inasambazwa katika simu za wananchi, wakiwemo ndugu wa waliopatwa na maafa.

Kwa sababu hiyo, jukumu lake la kwanza ni uthibitisho. Huhakiki chanzo cha taarifa, huilinganisha na kauli ya mamlaka husika, na huchunguza iwapo picha iliyoletwa ni ya tukio hilo au ni ya zamani. Huhakikisha kichwa cha habari hakiahidi kisichokuwamo katika habari yenyewe. Takwimu zinapobadilika, huonesha saa na chanzo cha takwimu mpya. Na panapotokea kosa, hulisahihisha waziwazi badala ya kulifuta kimyakimya. Majina ya marehemu hayachapishwi kabla familia zao hazijajulishwa.

Aghalabu safari ya taaluma hii huanzia katika uandishi wa habari, kisha usanifu wa habari, ndipo mwandishi hukabidhiwa dawati. Elimu hupatikana katika vyuo mbalimbali nchini, ikiwemo Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Umahiri wa Kiswahili, uelewa wa takwimu na ujuzi wa mifumo ya kidijitali ni nyenzo za lazima.

Mhariri hupaswa pia kuzifahamu sheria zinazogusa kazi yake, zikiwemo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Mwaka 2015, Sheria ya Huduma za Habari ya Mwaka 2016 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022.

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu. Kwa mwananchi aliyesimama gatini akimsubiri nduguye, haki hiyo hutimia pale tu taarifa anayoisoma inapokuwa ya kweli.