Mkanda Mkavu Ndio Unaoua Mashine ya Kukimbilia

Mashine za kukimbilia zilizoko majumbani, zile tunazoziita tredimili, mara nyingi hufa kwa namna moja. Kwanza mlio unakuwa mzito. Baadaye mkanda unasitasita kila mguu unapotua. Mwishowe mashine inazima yenyewe, harufu ya kuungua inatoka mbele penye mota, na fundi akifungua anakuta bodi ya umeme imeungua. Mwenye nyumba akitajiwa bei ya bodi mpya anakata tamaa, na mashine inabaki kuanikiwa nguo. Yote hayo yangezuiwa na chupa ndogo ya mafuta ya silikoni.

Ndani ya mashine, mkanda unazungushwa na rola mbili tu, moja mbele na nyingine nyuma. Katikati, pale miguu inapotua, hakuna rola. Mkanda unateleza moja kwa moja juu ya ubao. Mtu anapokimbia, kila hatua hukandamiza chini kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Mwenye kilo 80 anaubana mkanda kwenye ubao kama mzigo wa kilo 160 au zaidi, na wakati huohuo mota inatakiwa iendelee kuuvuta kwa mwendo uleule. Mafuta yakiwepo, mkanda unapita. Pakiwa pakavu, msuguano unaongezeka, na bodi inalazimika kuipa mota umeme mwingi zaidi ili mwendo usishuke. Tena joto ndani ya nyaya hupanda kwa kasi kuliko umeme wenyewe: mkondo ukiongezeka kwa nusu, joto linapita maradufu.

Wengi hudhani kutembea polepole ni kuihurumia mashine. Kwa mota nyingi za majumbani, sivyo. Feni ya kuipoza imefungwa kwenye ekseli ya mota yenyewe, kwa hiyo mota ikizunguka taratibu, upepo nao unapungua. Mtu mzito anayetembea kilomita 3 kwa saa juu ya mkanda mkavu anaweza kuichosha mota kuliko kijana mwepesi anayekimbia. Nalisema hili kwa sababu wanaoshauriwa na daktari kutembea kila siku nao hununua mashine hizi, na huenda wasiambiwe habari za mafuta.

Sasa, mafuta gani? Silikoni safi, ya kimiminika, isiyochanganywa na kitu. Haili mkanda, haikauki upesi, na inastahimili joto. Mafuta ya cherehani, oili ya gari na grisi kwa kawaida vinatokana na mafuta ghafi. Huulainisha na kuuvimbisha mkanda hadi gundi ya tabaka zake iachie. Mafuta ya nazi na ya kupikia hugeuka utando wa kunata yakishapata joto na vumbi. Ile WD-40 ya kopo la kawaida nayo haifai hapa, kwani huyeyusha kilainishi kilichokuwepo kisha yenyewe ikapotea. Hata hivyo, soma kwanza kitabu cha mashine yako. Zipo zilizopakwa nta maalumu kiwandani, na watengenezaji wake wanakataza kuongeza chochote.

Kupima ni rahisi. Zima mashine, chomoa plagi, inua ukingo wa mkanda na uingize mkono hadi katikati, mahali hasa miguu inapotua. Usiishie pembeni, kwa maana pembeni hubaki na mafuta hata katikati pakiwa pamekauka kabisa. Vidole vikitoka na utelezi mwembamba, acha. Vikitoka vikavu, paka. Kwa matumizi ya kawaida hii huwa kila baada ya miezi 3 hivi; nyumba yenye wakimbiaji wawili au watatu isisubiri muda huo.

Futa kwanza vumbi juu ya ubao kwa kitambaa kikavu. Kisha mimina mililita 10 hadi 15 kila upande, ukichora mstari wa kupindapinda chini ya mkanda kuelekea katikati. Washa mashine kwa mwendo wa chini kabisa, tembea dakika 3 hadi 5, ukikanyaga kushoto, kulia na katikati ili mafuta yasambae. Usiongeze kwa kudhani wingi ni uzuri. Mafuta yakizidi hufika kwenye rola, mkanda ukaanza kuteleza, na vumbi la nyumba nzima likanasa humo.

Hapo pana kosa ambalo hata mafundi hulifanya: kuchanganya mkanda mkavu na mkanda uliolegea. Sikiliza mota. Mkanda ukisimama kidogo chini ya mguu huku mota ikizunguka bila shida, umelegea. Mkanda ukipunguza mwendo na mota ikaguna, ni mkavu. Uliolegea unakazwa kwa boliti mbili za nyuma, robo mzunguko kila moja, sawa kwa sawa, kisha unajaribu. Ukikaza kupita kiasi unaua beringi za rola na kuirudishia mota mzigo uleule uliotaka kuiondolea. Mkanda ukivutika kushoto, kaza boliti ya kushoto robo mzunguko, uangalie mashine ikizunguka bila mtu. Ukivutika kulia, kaza ya kulia. Watoto wawe mbali kabisa wakati huo, na ule ufunguo wa usalama usiachwe kwenye mashine ukimaliza, kwa kuwa rola ya nyuma hunasa vidole na kuunguza ngozi mara moja.

Vumbi la ndani linahitaji kusafishwa walau mara moja au mbili kwa mwaka. Chomoa plagi, subiri dakika kadhaa ili umeme uliohifadhiwa kwenye bodi uishe, ndipo ufungue kifuniko cha mota na kuvuta vumbi. Kwa walio Mombasa, Tanga au Zanzibar, hewa ya chumvi hula boliti na unyevu huvimbisha ubao, basi mashine isiwekwe barazani. Ichomeke kwenye soketi yake yenyewe yenye waya wa ardhi. Ekstensheni nyembamba hupunguza umeme unaofika na kuipasha mota joto. Umeme ukikatika, chomoa kabla haujarudi.

Na wewe ambaye mashine yako imekwisha kuungua bodi, usikubali bodi mpya ifungwe kabla fundi hajaukagua mkanda na ubao mbele ya macho yako. Bodi mpya juu ya mkanda mkavu itaungua kama ya kwanza.