Saa ya GPS: uliza masaa, si siku

Wandugu, wengi mnauliza saa gani ya kukimbia nayo hapa Kalemie. Kwanza, GPS haili mega: inapokea ishara za satelaiti bure, hata bila intaneti. Lakini saa zingine za bei ya chini hazina GPS yao, zinaazima ya simu. Ukiacha simu nyumbani, kilometa ni za kukadiria tu.

Pili, boksi likisema "siku 14", hiyo ni GPS ikiwa imezimwa. Uliza masaa GPS ikiwaka, sababu umeme wetu unakatika.

Tatu, kwa kuogelea ziwani, tafuta 5 ATM.

Mbele ya kulipa, zima simu, toka nje, washa GPS, subiri dakika chache. Ikikosa satelaiti, dola zako zibaki mfukoni.